Aliyempaka Kitinda Mafuta

Msusi wetu ana mikono ambayo mtu akishaizoea hawezi tena kwenda kwingine. Sisemi hivyo kwa kuwa ni shoga yangu na tunasali pamoja. Waulize wanawake wanaokaa kwenye benchi lake tangu asubuhi wakingoja zamu, wengine wamekuja na kazi zao za kushona ili wasipoteze siku. Chumba chenyewe ni kidogo: viti viwili, kioo kirefu, draya moja inayonguruma kama ina kinyongo na mtu, na dirisha linalotazama kibanda cha kuchaji simu. Sisi tunamwita Dada. Hata waliomzidi umri wanamwita Dada, na analipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Udada wake ulianza mapema. Baba yao alifariki wakiwa wadogo, na mama yao alikuwa anafua mashuka kwenye nyumba ya wageni, anatoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Dada, naye bado mtoto wa shule, alibaki na mdogo wake mgongoni. Yule mdogo tulimwita Kitinda kwa sababu baada yake hakuzaliwa mwingine, na jina likamganda mpaka leo. Jioni Dada alikuwa anakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, anambana Kitinda katikati ya magoti na kumpaka mafuta kichwani. Mtoto alikuwa analia kabla hata kichana hakijamgusa. Basi Dada anampuliza utosini, pole pole, mpaka ananyamaza, halafu anavizia fundo moja na kulifungua, anampuliza tena, anafungua jingine. Kusuka alijifunzia kwenye kichwa hicho. Mama akirudi anakuta mtoto kasukwa, kashiba, kalala. Nyumba zetu ziligusana kuta, kwa hiyo sikuhadithiwa.

Mama yao alipofariki, Mungu amrehemu, walibaki wawili. Kitinda alisoma kumpita dada yake, akapata kazi ya kupokea pesa kwenye duka kubwa, duka likafungwa, akarudi nyumbani kukaa. Dada akamwambia njoo nikufundishe kusuka. Alikuja, akajaribu, wateja wakamkimbia. Mpaka kesho Kitinda hawezi kusuka hata kamba. Vidole vyake ni vya simu.

Na simu ndiyo iliyomtoa. Alijiandikisha na duka moja la mtandaoni linalouza vitu vya nywele. Duka likampa linki yake. Mtu akiibonyeza na kununua, Kitinda anapata kamisheni. Kazi yake ni kuweka maneno ya kuwafanya watu wabonyeze, na maneno yenyewe wala hayaumizi kichwa. Anaiambia programu ya akili bandia iliyo humo kwenye simu: niandikie kuhusu kofia hii ya kulalia, niandikie kuhusu mafuta haya, yavutie, yachekeshe kidogo. Kabla hajamaliza kupiga mwayo, maneno yamejaa kioo. Anaweka picha, anaweka linki, anaendelea na shughuli zake. Siku aliyonionyesha nilibaki nimeshika kidevu.

Mwanzoni Dada alifurahi, tena alimwombea mdogo wake afanikiwe. Mambo yaliharibika siku mteja mgeni alipoingia, akamwangalia Dada juu mpaka chini, akamuuliza, "Kumbe wewe ndiye dada yake yule bingwa wa nywele?"

Dada alicheka kicheko cha meno tu. Miaka yote Kitinda alijulikana kama mdogo wa yule msusi. Sasa msusi amekuwa dada yake Kitinda.

Tangu hapo kila alichofanya Kitinda kikawa kibaya. Amenunua mapazia mapya: ya nini, na dirisha lenyewe moja? Amenunua friji: atagandisha nini, mtu anayeishi peke yake? Wateja nao hawakumsaidia. Walikaa kitini na simu mkononi, Kitinda amesema nywele zioshwe hivi, Kitinda amesema ncha zikatwe vile, na Dada nyuma yao anasuka huku akinong'onea kisogo cha mtu kwamba Kitinda hajawahi kuosha kichwa kisichokuwa chake. Akafika mahali akayaagiza yale mafuta anayotangaza Kitinda kimya kimya, ayakute ni maji matupu, awaonyeshe watu. Nikamuuliza ameyaagiza kupitia wapi. Akasema kwenye ukurasa wa Kitinda, kwani yanapatikana wapi kwingine?

"Sasa si umempa kamisheni kwa mkono wako mwenyewe?" nikamwambia.

Aliiweka ile chupa mezani kama imemchoma. Na lililomkera zaidi ni kwamba mafuta yalikuwa mazuri.

Haya yote angeyamaliza kwa sala na usingizi, maana si mtu mbaya. Kilichomvunja ni posti moja. Siku hiyo mimi sikuwapo. Nilisimuliwa na yeye na mteja wake mmoja, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa kitini, na maelezo yao yanalingana. Mwalimu alikuwa anasoma kwenye simu, akasema hebu sikilizeni huyu Kitinda anavyojua kuandika, akasoma kwa sauti:

"Jioni mama alikuwa ananikalisha kwenye kizingiti, katikati ya magoti yake. Nilikuwa nalia kabla hajanigusa, naye ananipuliza utosini mpaka ninyamaze. Kila nikifungua chupa hii, mama yangu anarudi."

Benchi zima likasema oh. Mwalimu akajifuta machozi. Vidole vya Dada vilisimama, kisha vikaendelea kusuka, lakini sasa vilikuwa vinavuta. Mwalimu akasema unaniumiza, Dada akaomba radhi, akavuta tena. Halafu akasema, "Mama yetu alikuwa anafua mashuka. Aliyempuliza ni mimi."

Mwalimu alimtazama kwenye kioo kwa huruma, ile ya kumtazama mgonjwa.

"Dada nawe," akasema. "Hata marehemu unamwonea wivu?"

Wakacheka wote. Na huo ndio ubaya wa kujulikana kuwa una wivu: hata ukisema la kweli, linanuka wivu.

Wiki hiyo wanawake wa mtaa wetu walitembea nyusi zimepanda juu kama watu walioshtuliwa, jinsi nywele zilivyobana. Yakaanza maneno kwamba mikono ya Dada imekuwa mizito. Nilipomkalisha chini tuzungumze, aliniambia hataki kamisheni ya mtu wala friji ya mtu. "Nataka aseme ni mimi. Basi." Nikamshauri asimtumie ujumbe, aende kwa miguu yake. Siku ya mapumziko, tulipotoka kwenye ibada, akaniomba tufuatane, niwe shahidi na niwe breki.

Kitinda alitupokea vizuri, akatuwekea maji ya baridi kutoka kwenye friji ile ile, na Dada akayanywa kwa shingo upande. Alipoulizwa hakukana. Alichukua simu akaanza kupandisha juu mazungumzo yake na ile programu, juu zaidi, mpaka akafika alipokuwa anapatafuta, akampa dada yake asome. Alikuwa ameiandikia hivi: dada yangu ndiye aliyenilea, mama alikuwa kazini, dada alikuwa ananikalisha kizingitini katikati ya magoti, ananipaka mafuta, nikilia ananipuliza utosini, niandikie vizuri. Na programu ilimwandika Dada. Shoga yangu alisoma midomo ikitikisika, neno kwa neno, kama tunavyosoma sisi tulioishia shule ya msingi. Magoti yalikuwapo, kizingiti kilikuwapo. Ilimwandika vizuri kuliko mtu yeyote alivyowahi kumsema, na yeye hata hakujua.

"Sasa mama kaingiaje hapa?" akauliza. "Ni hiyo mashine?"

"Ni mimi." Kitinda alikuwa anaangalia meza. "Niliiweka hivyo hivyo, ya dada. Hakuna aliyebonyeza. Nikaiambia palipo dada iandike mama, wakabonyeza kutwa nzima."

"Kwa hiyo mimi siuzi."

"Si wewe, dada. Ni neno. Neno mama linauza."

Nilidhani Dada ataangua kilio. Hakulia. Alisema, "Ulikuwa ukifaulu, anapongezwa mama. Ukivaa ukapendeza, anasifiwa mama. Nikasema haki yake, anachoka. Leo yuko kaburini, na bado nasimama pembeni ili apite."

Akamtaka awaambie watu. Kitinda akajitetea kwamba posti ile ndiyo inayomlipia chumba, akiigeuza ataitwa mwongo na duka linaweza kumwacha. Kisha, kwa kutaka amani, akatoa wazo la kugawana kamisheni. Hapo ndipo alipokosea. Dada aliinuka, akachukua mkoba wake, akaaga kwa adabu zote. Njia nzima hakutamka kitu, isipokuwa tulipokaribia nyumbani alisema yale mapazia hayana rangi ya maana.

Zikapita siku za kutopigiana simu. Nilikuwa naomba kwa ajili yao wote wawili, maana kila mmoja alikuwa na haki yake na ndiyo maana ilikuwa vigumu. Asubuhi moja nimekaa kwenye benchi, mwalimu wa chekechea yuko kitini amekuja kufumua, simu ya Dada ikaita. Mikono yake ilikuwa na mafuta, akaniambia niipokee na kuiweka kwenye spika. Alikuwa Kitinda. Alisema kuna kitu ameandika mwenyewe, anataka kumsomea kabla hajakiweka, akaanza kusoma bila kungoja jibu. Hakikuwa na ufundi. Sentensi zilikuwa zinakatika katikati. "Niliwaambia ni mama. Si mama. Mama alikuwa anafua mashuka, alikuwa anachoka. Ni dada yangu, yule mwenye saluni. Yeye ndiye alikuwa ananipuliza. Nilimtoa kwa sababu hamkumbonyeza." Mwalimu akawa anaangalia mapaja yake. Kitinda akamalizia: "Mafuta yenyewe ni haya, linki iko hapa chini."

"Toa hapo mwisho," Dada akasema.

"Pa linki?"

"Pa linki."

"Dada, hapo ndipo ninapopata kula."

"Kula kwenye kofia. Kula kwenye vichana. Mimi nisibonyezwe."

Kitinda akasema haya, anaitoa.

Ile ya mama aliifuta, na hii akaiweka bila linki. Mwalimu aliomba radhi palepale na alisukwa vizuri, bila kuvutwa. Wako waliomtukana Kitinda na kuuacha ukurasa wake, na wako waliouliza linki iko wapi mbona haionekani, hao hakuwajibu. Mwezi huo chumba alikilipa kwa tabu, nasikia, na Dada alipojua alimpelekea kitu kwenye bahasha bila kusema.

Lakini wivu si kidonda cha kufunga bendeji ukaondoka. Kati ya mteja na mteja Dada anajifuta kidole kwenye aproni, anafungua simu, anatazama walioipenda ile posti yake. Jana alinilalamikia kwamba ni wachache, wakati ile ya mama walikuwa wengi. Nikamwambia amshukuru Mungu kwa alichopata.

"Nimeshamshukuru," akasema. "Lakini walikuwa wengi mno."

Akamwita aliyefuata, na kabla hajamfunga taulo shingoni akamuuliza kama ameshaisoma.