Mikono Miwili Barazani

Mkono wa roboti niliutengeneza barazani kwetu Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa mota ndogo tatu, vipande vya bati na kamera ya simu mbovu. Sikusomea popote, nilisoma mwenyewe na kukosea sana. Mwanzoni mkono ule haukujua hata kama ni mkono. Programu iliuamuru usogee ovyo, kamera ikatazama ulikoishia, kisha amri na picha vikaunganishwa. Baada ya wiki nyingi za kupapasa hewa, ulianza kukifikia kifuniko cha chupa nilichouwekea.

Mke wangu aliutazama akiwa mkekani. Kiharusi kilikuwa kimelegeza mkono wake wa kulia, ule ambao wachimbaji walikuwa wakiupangia foleni ili awaoshee mchanga. Alikuwa akitia sabuni ya unga kidogo kwenye maji, chembe za dhahabu zisielee, na kuzungusha karai taratibu mpaka mchanga mweusi ujitenge. Zamani nilikuwa napita pale alipooshea bila haja yoyote, nimwone tu akizungusha.

"Baba watoto, mwenzangu huyo ameshapona," alisema. "Mimi bado unanikanda kama chapati."

Kweli, kila asubuhi niliukunja na kuunyoosha mkono wake. Hospitali walisema inazuia viungo visikakamae. Mimi nilitarajia zaidi ya hapo.

Siku moja nikaufanyia mkono wa roboti vilevile: nikaushika na kuupeleka kwenye kifuniko, tena na tena, nikidhani naufupishia njia. Haukujifunza kitu. Kamera iliuona mwendo, lakini mkono wenyewe haukuwa umetoa amri yoyote ya kuunganishwa na mwendo huo.

Nilizima mashine, nikaleta karai lenye maji na mchanga wa uani. Nikaliweka mapajani mwa mke wangu, kiganja chake ukingoni, changu chini yake.

"Toa mkono wako," akasema.

"Utamwaga."

"Kwani umetia dhahabu humu?"

Nikautoa. Aliukazia macho mkono wake kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha kidole gumba kikacheza, kiganja kikasukuma, karai likalala upande na maji yote yakaishia kwenye khanga yake.

"Huo nimeusogeza mimi," akasema, pumzi zikimwenda mbio. "Jaza tena."

Nikajaza. Alipoanza upya, nilitamani mno kuushika mkono ule, hata nikahamia upande wa pili wa baraza nisiufikie.