Nilimtaja aliyekichangia chama chetu, sasa mama yangu hapokei simu yangu

Admin, naomba unifichie jina, na chama chetu usikitaje. Handeni ni ndogo, wapo watakaonitambua kabla hawajamaliza kusoma.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, Mzigua wa kijiji cha Misima. Nimeolewa, nina watoto watatu, nauza vitenge sokoni Handeni mjini. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu. Kaka yangu, mtoto wa kwanza kwetu, akaacha shule akawa anachoma mkaa na kuupeleka mjini kwa baiskeli ili mimi nisome. Sare, madaftari, hata nauli ya kwenda sekondari Korogwe, vyote vilitoka mgongoni kwake. Naanza na hilo ili msije mkaniambia sikumbuki wema.

Kaka ndiye mwenyekiti wa tawi la chama chetu cha siasa kule kwetu. Mimi wanachama walinichagua kuwa mweka hazina, kwa kuwa nimesoma kidogo na kila wiki naenda kumwona mama. Tulikuwa tunajenga ofisi ya tawi, kuta zimesimama, fedha zikatuishia. Siku moja likaja lori lina saruji na bati, na juu yake pikipiki mpya ya chama. Kaka alikuwa hayupo, nikapokea mimi. Dereva akasema bosi wake anatusalimu, akamtaja jina. Ni mfanyabiashara mkubwa wa Korogwe, wote tunamfahamu.

Nilifurahi jamani. Nikampigia kaka nikamwambia tumshukuru mtu huyu mkutanoni. Akanijibu kwa upole kwamba mwenyewe hataki kutajwa.

"Hii ni siasa, mdogo wangu. Siyo harusi, kwamba kila aliyetoa asomwe ukumbini."

Nikamkumbusha kwamba kwenye semina tulifundishwa sheria inataka chama kiweke wazi msaada kinaoupata na aliyeutoa. Akacheka, akasema semina ina mambo yake na kijiji kina mambo yake.

Haukupita muda, tukasikia yule mfanyabiashara ameomba serikali ya kijiji impe bonde letu la chini alime michungwa. Wasiopajua kwetu niwaeleze: kiangazi kikishika, Misima yote inakauka, linabaki bonde hilo tu lenye maji. Akina mama wanalima humo mchicha na nyanya, mama yangu akiwa mmojawapo. Na aliyekuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu wakubali alikuwa kaka yangu.

Ukafika mkutano wa tawi. Kaka akasimama, akasifia ujenzi, akasema vifaa vimetoka makao makuu ya chama. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja mtu mzima, jirani yetu, akanyoosha mkono. Akasema angependa kujua shukrani zetu tuzipeleke kwa nani hasa huko makao makuu. Kaka akarudia maneno yale yale. Yule mama akanigeukia mimi.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyepokea. Ni kweli?"

Nilimtazama kaka. Yeye alikuwa anatazama chini. Nikasema kilichotokea: lori la nani, salamu za nani. Nikalitaja jina.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga. Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, ombi la bonde likakataliwa. Mnaweza kudhani nilishukuriwa. Yule mfanyabiashara alituma watu wakaichukua pikipiki, na saruji iliyokuwa haijatumika wakaondoka nayo. Ofisi ikabaki haina sakafu. Wanachama wale wale walionipigia kura wanasema nimewafukuzia mfadhili. Na akina mama wanaolima bondeni, nikiwasalimia wananiitikia huku wanaendelea kupalilia, kwa sababu waume zao wamegawanyika, wanagombana juu ya nilichosema mkutanoni.

Kaka hajanitukana, na heri angenitukana. Kila Idd alikuwa ananiletea nyama mwenyewe hadi mlangoni. Idd hii sikumwona. Mtoto wake aliolewa, mimi shangazi nikaona picha kwenye simu za watu. Nilipomuuliza wifi, akasema kaka ameagiza nisialikwe, akakata simu.

Sasa kamati ya chama ya wilaya imeniita Jumatatu. Wanataka niwaeleze kama mwenyekiti alinufaika yeye binafsi na ule msaada. Ndugu zangu, mimi jibu ninalo. Lile lori lilipotoka ofisini lilikuwa bado lina bati, na lilikwenda kushusha nyumbani kwetu. Ndizo kaka alizoezekea nyumba ya mama. Nyumba iliyokuwa inavuja mpaka mama anahamisha kitanda mvua ikianza, leo haivuji. Kaka hakujiezekea yeye, kwake bado kuna bati zake za zamani zenye kutu.

Mume wangu anasema niende nikaseme yote, ukweli haukatwi vipande. Nilikwenda Misima kumwambia mama kabla hajasikia kwa watu. Alikuwa anapeta mahindi. Hakuinua uso.

"Huyo ndiye aliyekulea. Ukienda kumsema, siku nikifa usije."

Tangu siku hiyo simu yake inaita hadi inakatika.

Najiuliza kwa nini lori zima la siri lilibebwa na watu wote wale, dereva, bosi, viongozi, lakini mzigo wa kulisema nimeachiwa mimi peke yangu. Yule mfanyabiashara yuko Korogwe anaendelea na biashara zake, hakuna aliyemwita popote.

Nikisema, namwangusha aliyenisomesha, na bati juu ya kichwa cha mama sijui kama zitaachwa. Nikinyamaza, wale akina mama wa bondeni nitawatazama kwa macho gani? Mlio na wazazi na kaka, niambieni: Jumatatu nikaseme, au nikae nyumbani kwangu?