Jogoo Aliyefaulu Mtihani

Mama aliponiuliza kama mbegu zile nyekundu zinalika, ningemjibu hapana, tukalala na njaa yetu kwa amani. Lakini nilikuwa na kidato cha nne kichwani, na siku zile pale Msanzi mtu wa kidato cha nne hakujibu swali kwa neno moja.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa karani wa ghala la kijiji, kazi niliyopewa hasa kwa sababu nilikuwa na kalamu mfukoni. Shamba la pamoja lilikwisha kupandwa, likabaki gunia moja la mahindi ya mbegu yaliyotiwa rangi nyekundu na dawa ya zebaki ili yasioze ardhini. Niliambiwa nilirudishe mjini. Lilichorwa fuvu la kichwa, na chini yake maneno ya Kiingereza ambayo mimi peke yangu niliweza kuyasoma. Niliyasoma vizuri sana. Yalisema ni sumu, yasiliwe na mtu wala mnyama.

"Sumu iko kwenye rangi," nilimweleza mama. "Rangi ikitoka, na sumu imetoka. Hiyo ni kemia, mama."

"Kemia," mama alirudia kwa heshima, kama anayetajiwa jina la padri mpya.

Alikuwa mjane. Pombe yake ya ulezi ndiyo iliyonisomesha miaka yote minne. Sasa kihenge kilikuwa kitupu, na mahindi ya shambani hayajafika hata magotini. Nikamletea debe mbili.

Tuliyaosha kwa maji matatu, ya mwisho yakatoka meupe. Kwa kuwa msomi hafanyi mambo kienyeji, nilitangaza kwamba kwanza tutamjaribu jogoo. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuwa jirani yetu na hakupitwa na kitu.

"Na huyo jogoo ana kidato cha ngapi?" aliuliza.

Nilimlisha siku tatu. Siku ya nne aliwika kwa nguvu hata mbwa wakaamka.

"Amefaulu daraja la kwanza," nilisema, na mama akatia mahindi kinuni.

Ule ugali nilikula siku mbili tu. Nikaitwa Sumbawanga kwenye semina ya makarani, nikakaa wiki tano nikila wali wa serikali. Mama alibaki na debe zake, na jogoo akapewa pumba za mahindi hayohayo.

Niliporudi nilimkuta jogoo uani akitembea kiubavu, akiwika huku ameelekea ukuta. Shangazi alikuwa hoi kwa kicheko.

"Mtazame mlevi wako! Amemaliza machicha ya mama yako!"

Kwetu pombe ikichujwa, kuku hudonoa machicha, kwa hiyo kuku anayepepesuka hamshtui mtu. Nilicheka kuliko wote. Hata nilimhutubia: "Ndugu jogoo, Chama hakitaki walevi saa za kazi."

Mama akatoka na kikombe cha maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, msomi wangu."

Alikipeleka kikombe pembeni ya mkono wangu, akakiachia. Maji yote yakaingia kwenye viatu vyangu vya semina.

"Wifi, na wewe umekula machicha?" shangazi alisema. Mama naye alicheka, kisha akasema taratibu, "Midomo imekufa ganzi, mwanangu. Nikikutazama wewe, mlango siuoni."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Ulezi wetu ulikwisha tangu Krismasi. Mama hakuwa amepika pombe. Hapakuwa na machicha.

Hospitalini daktari alinisikiliza mpaka mwisho, hata kile kipande cha jogoo. Akanieleza kwamba rangi ilikuwa onyo tu; dawa ilikwisha kuingia ndani ya punje. Ndani ya kila seli ya mwili, alisema, zimo protini zinazofanya kazi zote. Zebaki huzing'ang'ania na kuzipinda, zikashindwa kazi, seli ikafa. Seli za ngozi huzaliwa nyingine. Za ubongo zikifa, basi.

"Jogoo alikuwa mzima siku tatu," nilisema.

"Madhara yake huchukua wiki kuonekana," alijibu. "Mtihani wako ulikuwa mfupi."

Jogoo alikufa wiki ileile. Mama aliishi miaka minane zaidi. Kila nilipompelekea tonge mdomoni aliuliza, "Hili umempa jogoo kwanza?" Alicheka yeye; mimi nilitafuta cha kufanya jikoni.

Maandishi niliyasoma, na gunia nililifungua mimi. Mama hakushika kijiko tena, hakupika pombe tena, hakufika kanisani bila kushikwa mkono. Yeye alinisomesha, na kwa kusoma kwangu nikamlemaza.