Kofia za Manjano

Kama kuna kazi ya kumzeesha mtu kabla ya wakati wake, basi ni ya kugawa ukumbi mmoja kwa watu ambao kila mmoja anaamini ukumbi ulijengwa kwa ajili yake. Mama Funguo aliifanya kazi hiyo kwenye kituo cha burudani cha mtaa. Jina alilipata kwa tita la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, likitangaza ujio wake kabla hajakata kona. Wanakwaya walitaka ukumbi saa ileile ya wanakarate. Wazee wa mazoezi ya viungo walilalamika kwamba sakafu inateleza, na vijana wa dansi wakalalamika kwamba haitelezi. Meza ya tenisi ilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kwa kamba, na kila aliyeshindwa aliulaumu mguu huo. Mama Funguo aliwasikiliza wote, akawatania, akawakaripia, kisha akaenda kufuta na kuandika upya ubao wa ratiba pale mlangoni, hadi chaki ikaganda kwenye kucha.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na bwawa la kuogelea, si kubwa, na bwawani kulikuwa na kaka yake.

Huyu alijulikana kwa jina la Kasa. Nchi kavu alikuwa mzito, anatembea taratibu utadhani ana kesi mahakamani na hataki kufika, lakini akitumbukia majini alikuwa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa kuogelea na mwokoaji, na nusu ya mtaa ilijifunza mikononi mwake. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Mama Funguo mwenyewe, enzi hizo bado msichana wa kulialia anayeogopa hata kunawa uso. Mke wa Kasa alikuwa amefariki, watoto hawakujaliwa, na chumba alichopanga alikitumia kulala tu. Hata siku za mapumziko ungemkuta bwawani anaokota majani kwa wavu.

Kila mtoto aliyejiunga na darasa lake alipewa jina la majini. Kulikuwa na Dagaa, Kambale, Pweza, Chura, na mmoja mnene aliyekataa kuitwa Kiboko mpaka akabembelezwa na kupandishwa cheo kuwa Nyangumi. Somo likiisha, Kasa alisimama karibu na ngazi, akapuliza kipenga, akaanza kuwaita mmoja mmoja. "Dagaa!" Na Dagaa, akiwa tayari ametoka, alijibu kwa sauti ya kupasua masikio: "Nchi kavu!" Hakuna aliyeruhusiwa kwenda kubadilisha nguo mpaka jina la mwisho liitikiwe. Wazazi waliupenda mtindo huo. Wengine walikuja mapema makusudi ili wausikie.

Sasa, tuje kwenye macho ya Kasa. Ilianza siku Kasa alipokuwa anapita kwenye ujia, akalikuta koti la mwalimu wa karate limetundikwa kwenye msumari. Akasimama mbele yake, akasema kwa adabu zote, "Habari za nyumbani, mzee wangu?" Akangoja jibu. Mama Funguo, aliyekuwa nyuma yake na ndoo, alicheka hadi mbavu zikamuuma, kwa maana kaka yake alikuwa mtu wa masihara. Kasa naye akacheka, lakini alichelewa kidogo. Kucheka kwake huko kwa kuchelewa kulimfanya dada mtu aiweke ndoo chini.

Tangu hapo aliona mengine. Kasa alimtambua mtu kwa sauti tu. Mabadiliko ya ratiba alikuwa anaomba asomewe, eti miwani ameisahau, na miwani hajapata kuwa nayo. Aliwahi kwenda kwa daktari wa macho, akarudi na chupa ya matone, na alipoulizwa akasema ni vumbi tu. Mama Funguo akajitia hamnazo.

Tena alifanya zaidi ya kujitia hamnazo. Alipanga, maana kupanga ndiyo kazi aliyoijua. Kingo za bwawa alizipaka rangi nyeupe, akaiambia kamati kwamba ni kwa ajili ya unadhifu. Darasa la watoto alilitoa jioni akalileta mchana, jua likiwa bado kali, akasema jioni watoto wanashikwa na baridi. Kisha akanunua kofia za kuogelea za manjano iliyowiva, manjano ya kuumiza jicho, na akatangaza kwamba mtoto asiye na kofia haingii majini. Mwenyekiti wa kamati alimpongeza mbele za watu kwa kujali usalama. Mama Funguo alishukuru, akakaa, na shingo yote ikawa ya moto kwa aibu.

Usidhani alikuwa mjinga. Alijua vizuri kwamba mwokoaji asiyeona ni kiti kitupu kando ya maji. Lakini kila alipopiga moyo konde na kumwendea, alimkuta kaka yake amepiga magoti majini, mkono mmoja chini ya tumbo la mtoto anayepiga mateke, anasema, "Usishindane na maji, mwanangu, yaache yakubebe." Maneno hayohayo aliambiwa yeye zamani. Akajisemea kwamba kumwondoa hapo ni kumzika mtu akiwa hai, na kwamba kesho atasema. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Siku yenyewe pampu ilianza kukohoa tangu asubuhi. Fundi wa pampu aliitwa, akaifungua, akatandaza vyuma vyake chini, akaguna kama kawaida ya mafundi wote wanapotaka uone kazi ni ngumu. Kufikia mchana maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi, yakawa na weupe wa maji yaliyooshewa mchele. Kanuni ya bwawa ilikuwa moja, na Kasa ndiye aliyeiweka: ukisimama ukingoni usilione tundu jeusi la kutolea maji kule chini, hakuna mtu kuingia.

Mama Funguo alikuwa njiani kwenda kuyaangalia maji mwenyewe, mara ukumbini kukazuka zogo. Kiongozi wa kwaya alikuwa ameketi katikati ya mkeka wa karate, amekunja mikono, anasema hatoki hata kwa mateke. Mwalimu wa karate alikuwa anamzunguka, hajui aanzie wapi, maana mafunzo yake hayakutaja mama wa makamo aliyeketi. Mama Funguo alisita kati ya milango miwili. Akamwita kaka yake kwa sauti kupitia mlango wa nyuma.

"Kaka! Maji vipi?"

"Safi!" Kasa akajibu. "Tundu naliona."

Alijua. Pale pale aliposimama alijua kwamba kaka yake hakuweza kuliona tundu lile hata maji yangekuwa ya kunywa. Lakini zogo lilikuwa linapanda, watoto walikwisha kuvaa kofia zao, na jibu lilikuwa limetoka kinywani mwa mtu aliyemfundisha yeye kila alichojua kuhusu maji. Akaingia ukumbini.

Alipofanikiwa kumwinua kiongozi wa kwaya na kuwapatanisha kwa kuwapa kila mmoja nusu ya muda na chai, alisikia kipenga. Akashusha pumzi. Somo limeisha, Mungu amesaidia. Akatoka nyuma taratibu, akifuta jasho, huku majina yakiitwa.

"Kambale!"

"Nchi kavu!"

"Chura!"

"Nchi kavu!"

Sauti ilikuwa ya Chura, lakini mdomo ulikuwa wa Dagaa. Mama Funguo alimwona kwa macho yake, yule mtoto amebana pua kwa vidole viwili, anaigiza sauti ya mwenzake, na wengine wamefunika vinywa wasicheke. Kasa aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaendelea na jina linalofuata.

Mama Funguo akageuka kuyatazama maji. Kwenye kona ya kina kirefu, ndani ya weupe ule, kulikuwa na doa la manjano, nalo halikusogea.

Aliruka na viatu vyake, na gauni lake, na tita la funguo kiunoni. Funguo zilimvuta chini, na kwa mara ya kwanza zilimsaidia. Alimkamata mtoto kwenye kwapa, akasukuma sakafu kwa miguu, akaibuka juu anamwinua. Fundi wa pampu alikuwa ametupa spana yake na kuja mbio. Walimlaza ukingoni, kwenye ile rangi nyeupe. Alikuwa hapumui. Mama Funguo alimkandamiza kifua, akampulizia pumzi, akamkandamiza tena, vilevile alivyofundishwa na kaka yake, na alikuwa analia bila kujua kwamba analia. Kisha mtoto akatapika maji, akavuta hewa kwa kelele, akaanza kumlilia mama yake.

"Nani analia?" Kasa aliuliza. Alikuwa ameelekea upande wa vyumba vya kubadilishia nguo, mgongo kwao. "Mbona kuna kelele? Wote wametoka. Nimewasikia wote."

Dagaa ndiye aliyefungua kinywa, meno yakigongana.

"Mama Funguo, huwa tunaitikiana. Ukiitikiwa na mwenzako unabaki majini kidogo. Leo ilikuwa zamu ya Chura." Akafuta kamasi. "Mwalimu haoni. Sote tunajua. Hatukusema kwa sababu wangemfukuza."

Mama Funguo alimtazama mtoto yule. Angemkemea kwa lipi?

Mama yake Chura alikuwa fundi cherehani, mwalimu wa darasa la ushonaji hapohapo kituoni. Alikuja mbio na utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni, akamkumbatia mwanawe hadi naye akalowa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mimi mtoto sikumkabidhi Mwalimu," alisema, macho yamemganda Mama Funguo. "Nilikukabidhi wewe, dada yangu. Nilisema, yuko Mama Funguo, kitu gani kitampita?"

"Nilijua haoni," Mama Funguo akasema. "Nilijua siku nyingi."

Mwenzake alimkazia macho kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Kisha akamfunga mtoto kwenye taulo na kuondoka naye kwenda hospitali, na hakumruhusu Mama Funguo ashike hata mkoba. Mama Funguo aliwafuata nyuma kwa miguu, amelowa chapachapa, watu wanamgeukia. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka daktari alipotoka kusema kwamba mtoto atapona, ila atalazwa usiku huo wamwangalie. Ndipo alipoinuka kurudi kituoni, jua likiwa linashuka.

Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuja na kuondoka. Bwawa lilikuwa limefungwa kwa kamba. Kasa alikuwa ameketi kwenye benchi lake, kipenga shingoni, nguo kavu kabisa. Somo la siku hiyo alilifundisha akiwa ukingoni, na hata tone moja halikuwa limemgusa.

"Ni mimi, Kaka."

"Nimesikia funguo. Mtoto?"

"Atapona."

Kasa alifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, aliuliza polepole, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolisalimia koti."

"Na rangi? Na kofia?"

"Mimi."

"Hilo nilijua. Nani mwingine?" Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mdogo wangu, ngoja nikuambie. Mimi nilikuwa naogopa kujihukumu, nikakuachia wewe. Nikasema, huyu ana macho mazima, na hajawahi kumwonea mtu haya. Siku nitakapokuwa hatari kwa watoto wa watu, ataniambia. Ulipopaka rangi nikasema, basi bado. Ulipoleta kofia nikasema, kumbe bado nafaa. Leo ukaniuliza maji vipi. Nikasema, kama bado ananiuliza, basi bado analiamini jibu langu."

Kasa alivua kipenga shingoni, akakizungushia kamba yake vizuri, akanyoosha mkono ampe. Mkono ulielekea pembeni, kwenye nafasi tupu ya benchi, hatua moja kutoka pale dada yake aliposimama.

Mama Funguo aliinua mguu asogee kwenye nafasi ile, taratibu, funguo amezishika zisilie, ili mkono umkute. Mguu ukasimama hewani. Akaurudisha chini.

"Siko hapo, Kaka," alisema. "Niko kushoto kwako."

Mkono wa Kasa ukageuka, ukamtafuta.