Kiwiko cha Akal

Ukitoka kambi ya wakimbizi ukavuka laga, ule mto mkavu wa mchanga, uingie Kakuma mjini, kulikuwa na turubai ya bluu imefungwa kwa miti minne, na chini yake mkeka. Hiyo ndiyo ilikuwa saluni ya Akal. Hakuna kioo, hakuna stima, hakuna bango. Lakini wanawake wa Sudan Kusini walikuwa wanapita saluni za kambini zenye viti vya kuzunguka, wanakuja kukaa chini katikati ya magoti ya huyu Mturkana. Mtu alikuwa analala hapo akisukwa, anaamka kichwa kimeisha.

Na mdomo pia alikuwa nao. "Nyakuoth, kichwa yako ni kubwa kama bunge," alikuwa anamwambia mteja wake wa siku zote, Mnuer mmoja mrefu wa kuuza vitenge sokoni.

"Bunge iko tupu ndani. Yangu iko na akili," Nyakuoth anajibu, na wanacheka mpaka wapita njia wanageuka.

Hapo ni mwanzo wa elfu mbili kumi na tatu, siasa imechemka. Canter za kampeni zinapita na spika zinabeba watu bure. Akal naye akapanda moja, kwenda kuona tu na kurudi na leso ya bure. Gari ikaruka shimo, yeye akarushwa nje. Aliangukia mkono wa kulia. Mheshimiwa mwenye gari hakusimama hata kidogo. Aliendelea kupungia watu mkono, mshenzi yule, na huku nyuma mama wa watu amelala kwa vumbi mfupa umevunjika.

Hospitalini walimfunga plasta. Ilipotolewa, kiwiko kilikuwa kimekauka kama tawi. Hakikunjiki, hakinyooki. Sasa msusi bila kiwiko ni nini? Mkono lazima ufike kwa kichwa cha mtu. Wake haukufika hata kwa mdomo wake mwenyewe.

"Unahitaji fizio," nesi akamwambia.

Akal alifikiri ni tembe. Kumbe ni mtu, wa kutibu viungo kwa mazoezi. Na wa karibu alikuwa Anatole, Mkongo wa Bukavu, naye mkimbizi, alikuwa na chumba cha mabati huko kambini na alikuwa anatibu wenyeji pia. Akal alienda na kaka yake Lokiru, wa bodaboda.

Anatole hakuwa na koti jeupe. Hakushika mkono kwanza. Aliuliza, "Mama, unafanyaka kazi gani?"

"Nasuka nywele."

"Nionyeshe vile unakaaka."

Akamweka kwa kigoda, akaweka kibuyu mbele yake juu ya ndoo. "Hii ndiyo mteja yako. Mshike kichwa." Akal akajaribu. Mkono ukabaki njiani. Anatole akapima kiwiko na rula yake ya plastiki, akamlaza chali, mkono juu, akamwambia auache ukunjike wenyewe kwa uzito wake, polepole. Kila asubuhi, kila mchana, kila jioni, nyumbani, yeye mwenyewe. Ikiuma sana, aache. Basi. Akasema kwaheri.

Lokiru alikuwa mlangoni. "Amekukanda?"

"Hapana."

"Amekuvuta?"

"Hajavuta."

"Sasa wewe buda," Lokiru akamgeukia Anatole, "sisi tumetoka mjini kuja kucheza na kibuyu?"

"Ndugu, kiwiko hakipendi nguvu. Ukikivuta, kinakasirika. Kinajijengea mfupa mahali hapana mfupa."

"Akal, umesikia? Kiwiko yako iko na hasira kuliko mimi!" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini Akal alifanya vile aliambiwa. Na pole pole, kitu kikaanza kulegea. Siku moja alikata tonge la ugali, akalipeleka mdomoni na mkono wa kulia, likafika. Alitafuna akilia. Anatole alipopima tena, alitabasamu tu, akasema, "Endelea. Hii safari yake ni ya miezi."

Miezi! Wewe ungekubali? Wateja walikuwa wanahama mmoja mmoja, wanaenda kwa Adeng, msusi wa kule kambini. Nyakuoth peke yake ndiye alibaki, anapita kila wiki na kitambaa kichwani, anauliza kutoka barabarani, "Bado?"

"Bado."

Mara moja aliingia, akakaa kwa mkeka. "Dada, mimi nakungojea wewe. Lakini Agosti ndugu yangu anaoa. Nitaenda harusi na kichwa kama kiota?"

Usiku huo Akal aliwaza yale matibabu yake. Unajua, kwao, mtu wa kutibu lazima atoe jasho. Yule mama wa kukanda na mafuta ya kondoo, anakukanda mpaka unapiga nduru, na yeye mwenyewe ameloa mgongo wote. Hapo ndipo unajua umetibiwa. Anatole hakuwa ametoa hata tone moja. Alikuwa anakaa kwa kiti anauliza maswali. Asubuhi Akal akamwambia kaka yake, "Twende Lodwar."

Lodwar kulikuwa na jamaa mmoja nyuma ya duka la dawa, watu wanamwita Dokta Chuma. Huyo sasa! Koti jeupe, vyeti ukutani, mashine ya taa ya kijani inalia tii, tii. Hakuuliza Akal anafanya kazi gani. Hata jina hakuuliza vizuri. Alishika mkono, akaweka goti lake juu, akakunja. Kiwiko kikalia kwaa. Akal akaona giza.

"Hiyo ndiyo inafunguka," Dokta Chuma akasema, anapangusa uso na taulo.

Lokiru alimwangalia vile anapangusa, akampiga dada yake bega. "Umeona? Huyu anatoa jasho!"

Na Akal, hata na yale maumivu, aliamini. Hapo ndipo roho inauma. Aliamini kwa sababu ya maumivu yenyewe. Walilala kwa shangazi yao hapo Lodwar, anarudi kwa yule mtu, anakunjwa, anarudi. Mkono ulivimba ukawa moto kama jiko. Ukivimba, anaambiwa ni damu inatembea. Halafu uvimbe ukaisha, na mbele ya kiwiko kukabaki kitu kigumu kama jiwe chini ya ngozi. Mkono uliokuwa umefika mdomoni haukufika tena, ukabaki karibu umenyooka, ukakataa kabisa kukunjika. Siku Dokta Chuma alipoona hivyo, alikunja taulo lake. "Mama, ulichelewa kuja. Omba Mungu." Na akaita mgonjwa mwingine, bila aibu!

Walirudi kwa Anatole na picha ya eksirei. Aliinua picha kwa dirisha. Mbele ya kiwiko kulikuwa na wingu jeupe.

"Nani amevuta?"

"Ni mimi nilimpeleka," Lokiru akasema, anaangalia chini.

"Hapana. Mimi ndiye nilisema twende," Akal akasema. "Itakunjika?"

"Mama, sitakudanganya. Huu ni mfupa. Zoezi haliondoi mfupa. Kuna upasuaji, mbali, mpaka mfupa ukomae kwanza, na hata hapo sijui."

Akal akamwangalia. "Wewe ulijua. Kwa nini hukunishikilia?"

Anatole akaweka picha mezani. "Watu banapenda kushikwa. Najua. Ningekukanda bega tu, dakika kidogo, ungerudi. Lakini nilijisemea, mimi nimesoma, siwezi kufanya maigizo." Akasugua macho. "Nilikuwa sawa kwa mkono. Kwako nilikosea."

Lokiru alitoka nje, akapiga teke tairi la pikipiki yake mpaka mtoto fulani akakimbia.

Agosti ikafika. Nyakuoth akaja asubuhi, akafungua kitambaa, akakaa katikati ya magoti ya Akal bila kuuliza. Akal akajaribu. Mkono wa kushoto uligawa nywele, wa kulia ukanyooka kando kama fimbo ya mtu mwingine. Nyakuoth akainua mikono yake mwenyewe nyuma, akashika kishungi, amsaidie. Vidole vyao viligongana. Jua likapanda, na mstari mmoja haujafika kisogoni.

"Nyakuoth. Enda kwa Adeng."

"Mimi sina haraka."

"Harusi ni kesho. Enda, mama. Simama."

Akaufungua ule mstari kwa mkono wa kushoto, akamfunga kitambaa vile angeweza. Nyakuoth alisimama hapo kidogo, halafu akaenda kuelekea laga, hakugeuka.

Akal akabaki kwa mkeka, miguu imepanuliwa vile vile. Msichana mmoja mgeni, hamjui, akachungulia chini ya turubai, akasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Wewe ndiye Akal wa kusuka? Uko na nafasi?"

"Ejok noi," Akal akaitikia salamu. Aliangalia mahali patupu katikati ya magoti yake, pale Nyakuoth alikuwa amekaa. "Leo niko na mtu."