Binti wa Chuo wa Dada Yangu

Harufu ya nywele zinazochomwa kwa kitana cha moto ndiyo iliyotangaza Jumamosi katika chuo kile kidogo cha walimu wanawake, juu ya mji wa Nyeri. Kabla ya saa sita mchana moshi wa majiko ya makaa ulikuwa umetanda nyuma ya bweni, na wasichana waliketi juu ya mawe wakiwa wameshika masikio yao yasije yakaungua, huku wenzao wakiwanyoosha nywele zilizolowa mafuta. Harufu hiyo iliteremka mpaka nyumbani kwa Tata, nami nikiinusa tu niliacha chochote nilichokuwa nikifanya. Tata alikuwa mdogo wake mama, na ndiye aliyekuwa mshonaji wa chuo; alipewa nyumba ndogo ya mabati karibu na ukumbi. Nilipelekwa kwake kutoka Mukurweini, miaka michache baada ya uhuru, mama alipojifungua mapacha na nyumba yetu ikajaa vilio na nepi. Niliambiwa naenda kidogo tu, mama apumzike, na kidogo hicho kikawa muhula mzima. Sikulia. Dada yangu Wangechi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo hicho hicho. Mama nilikuwa nimenyang'anywa na wavulana wawili wanene wasiojua hata kucheka, lakini nilijiambia kwamba huku Wangechi atakuwa wangu peke yangu.

Nilikuwa na sababu za kujiambia hivyo. Wangechi ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani akichuma kahawa, na ndiye aliyenipa jina nililolipenda kuliko majina yote. Shangazi mmoja alikuwa akituletea mchele wa Mwea wakati wa Krismasi, na mama alipoupeta mimi nilizunguka ungo nikiokota punje zilizoanguka, moja moja, nikizitia mdomoni zikiwa mbichi. Wangechi akaniita Kamucere, yaani kapunje ka mchele. Jina langu la ubatizo lilikuwa la kanisa, na Muthoni lilikuwa la nyanya, mzaa mama, kama ilivyo desturi yetu. Kamucere ndilo pekee ambalo halikuwahi kuwa la mtu mwingine. Wangechi aliniita hivyo tukiwa wawili tu, kwa sauti ya chini, na mimi nilihisi kwamba kuna chumba ndani ya nyumba yetu ambacho wengine hawajui mlango wake uko wapi.

Chuo kile kilikuwa na michezo yake, na sijui nani aliianzisha. Jumamosi alasiri palikuwa na chai ukumbini, na baada ya chai palichezwa kiti cha muziki kwa santuri, au kupokezana kiazi kwa kidevu bila kutumia mikono, mpaka wasichana wakaanguka chini kwa kicheko. Mara moja kwa muhula wavulana wa chuo jirani walialikwa kwa dansi, na mwalimu mkuu, mama wa Kizungu aliyebaki baada ya bendera kushuka, alipita katikati yao na rula ndefu ya ubao kuhakikisha kwamba hewa inapita. Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa ule wa uzazi. Mwanzoni mwa mwaka kila mwanafunzi wa mwaka wa pili "alizaa" mmoja wa wageni wa mwaka wa kwanza. Tangu siku hiyo alikuwa mama yake: amfundishe kutandika kitanda inavyotakiwa, amtetee kwa viranja, amfichie kipande cha mkate. Mtoto naye alimtekea mama yake maji na kumpigia viatu rangi. Kisha, karibu na mwisho wa muhula, palifanywa chai kubwa ya kuwapa watoto majina.

Binti wa dada yangu aliitwa Wawira. Alitoka Mwea, kwenye mashamba ya mpunga, na kwa kuwa alizoea joto la huko chini, baridi ya Nyeri ilimtesa vibaya. Alitembea amejikunyata, midomo imepasuka, akikohoa. Kila mtu alimwonea huruma isipokuwa mimi. Nusu ya kwanza ya kila Jumamosi dada yangu alikuwa wake, kwa maana kila nilipomkimbilia Wangechi nilimkuta Wawira ameketi kati ya magoti yake, akichomwa nywele taratibu, akiambiwa mambo ambayo yalikoma nilipofika. "Ngoja kidogo, Muthoni," dada yangu alisema, na kidogo cha watu wazima nilikuwa nimeshakijua. Kipya kinyemi, Waswahili husema, ingawa kidonda. Siku moja nilimwona Wawira amevaa sweta ya kijani yenye vifungo vya mbao. Sweta ile niliijua uzi kwa uzi. Mama aliifuma kwa ajili ya Wangechi, na kwa sheria ya nyumba yetu ilikuwa imfikie mdogo wake, yaani mimi, mara nitakapokuwa na mabega ya kuishika. Nilikwenda kwa Tata nikamweleza kwamba nimeibiwa. Tata alikuwa na pini mdomoni. "Huyo mtoto alikuwa anakufa na baridi," akasema. "Wewe uko na sweta mbili." Nilimchukia Wawira kwa kila kikohozi chake. Nilitamani apone, lakini ili aivue.

Siku ya chai ya majina, Tata alinivalisha gauni alilonishonea kwa masalio ya kitambaa cha sare, akanikalisha kando yake kwenye benchi la mbele. Meza zilikuwa zimejaa keki zilizookwa na wanafunzi wenyewe, na madirisha yalikuwa na ukungu kwa pumzi na mvuke wa chai. Desturi ilikuwa hivi: mama anasimama na mtoto wake, anamsifu na kumtania kidogo, kisha anampa jina la mtu anayempenda sana nyumbani kwao, kama sisi tunavyowaita watoto wetu majina ya wazazi na ndugu. Wengi walitoa majina ya nyanya zao. Zamu ya Wangechi ilipofika, alimshika Wawira mkono. Alisema kwamba binti yake anakohoa kwa sauti nzuri kuliko kwaya nzima, na watu wakacheka. Alisema ni mtoto wa mpunga aliyeletwa mlimani bila blanketi. Halafu akatabasamu, akasema kwa sauti iliyofika nyuma ya ukumbi, "Kuanzia leo, huyu ni Kamucere."

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka kikombe cha Tata kikigonga sahani. "Hiyo jina ni yangu!" nikapiga kelele. "Mwambie arudishe!"

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Sasa, chuo kile kilikuwa pia na mahakama ya chai, mchezo mwingine, ambapo lalamiko lolote lilipaswa kusikizwa kabla vikombe havijapoa. Hakimu alikuwa msichana mrefu kutoka Meru mwenye sauti nzito. Alikwisha kujivika nywele za katani kichwani kabla sijaketi.

"Nyamazeni! Kuna mtu ameibiwa hapa," akasema. "Mtoto, uko na shahidi?"

"Niko na Tata."

"Mimi siko," akasema Tata, akaficha uso wake kwa kikombe.

Walizidi kucheka. Hakimu akamgeukia dada yangu. "Na wewe mama, ati huko Mukurweini majina iliisha?"

Wangechi alikuwa akicheka na wenzake, lakini aliponitazama aliacha. "Tuliambiwa tupatie mtoto jina ya mtu tunapenda sana kwetu," akasema. "Mimi sikuwa na mwingine."

Wasichana wakasema "aaah" kwa pamoja. Hakimu akagonga meza kwa kijiko na kutoa hukumu: jina likipeanwa halijaibiwa; nyanya yangu alinipa lake na bado anaitwa Muthoni; kwa hiyo Wawira sasa ni mimi, na mimi ndiye mkubwa wake, na atanigawia keki yake kila Jumamosi. Wakapiga makofi. Wawira akaja akachuchumaa mbele yangu na sweta yangu mwilini, akaninyooshea kipande cha keki kwenye kiganja. "Usikasirike," akaninong'oneza. "Mimi nitaichunga." Nilikula ile keki huku machozi yakinitiririka, na ilikuwa tamu, jambo lililonikasirisha zaidi. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa desturi ya kwetu. Nilielewa kwamba nimepewa heshima mbele ya watu wote. Kuelewa hakukunisaidia. Nyanya alikuwa na watoto na wajukuu wa kumwita majina ya kila namna. Mimi nilikuwa na hilo moja. Wangechi aliponiita Kamucere jioni ile nyumbani kwa Tata sikuitika. Aliita tena siku nyingine, sikuitika, na akaacha.

Chuo kile sasa kina geti la chuma na maghorofa, na Jumamosi wanafunzi wanaketi kwenye nyasi kila mmoja na simu yake. Nilipouliza habari za mchezo wa uzazi, msichana mmoja alinijibu kwa adabu kwamba hawana muda, na wengi huenda nyumbani wikendi. Ningepaswa kusikitika. Nilichofikiria ni kwamba wadogo zao wana bahati. Maana mchezo ule haukuisha ukumbini kama ilivyo kawaida ya michezo. Wangechi alifundisha karibu kila kona ya Nyeri mpaka akastaafu, akajenga nyumba Skuta, nje kidogo ya mji, na Wawira alirudi kufundisha kwao Mwea. Lakini kila Desemba Wawira alipanda na gunia la mchele, na mpaka leo wakiketi pamoja huanza kucheka kabla hata hawajasema neno. Mimi huwaandalia chai. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, mama alikuwa akinituliza hivyo, na nimeushika msemo huo kama mtu anayeshika risiti.

Mwaka jana Wangechi alianguka bafuni akavunjika nyonga, akapasuliwa. Tulingoja kwenye benchi la hospitali, mimi na Wawira, wazee wawili wenye fimbo. Mwishowe muuguzi kijana akafungua mlango.

"Ndugu ya huyu mama ni nani? Anaingia mmoja tu."

Tulisimama wote wawili. Wawira alinitazama, akaketi tena, akaiweka fimbo yake kati ya magoti, akafumba macho kama mtu anayengojea supu ichemke. Nilimfuata muuguzi kwenye ile korido ndefu yenye harufu ya dawa. Nilikuwa nimeshinda, hatimaye, na nilichohisi kilikuwa wivu mkali kuliko wote niliowahi kuuonja. Mtu haketi namna ile kama ana shaka yoyote kuhusu nafasi yake. Mimi niliyezaliwa naye bado nasimama.