Aliyepunguza Ng'ombe wa Mashimba

Teddy alianza na kompyuta mbili za kuchapia watu barua, pale Viwanja Sitini, Ifakara. Kazi ya barua ilipofifia aliongeza mashine nyingine, akatundika pazia jeusi mlangoni na kufungua chumba cha gemu. Wanakwaya wenzake walimshangaa: mwanamke mtu mzima, mwimbaji wa sauti ya pili, kutwa nzima yuko na vijana wanaopigiana kelele mbele ya vioo. Teddy aliwaacha waseme.

Gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kujenga. Wachezaji wote huingia katika nchi moja, kila mtu kwa mashine yake, wanalima, wanafuga, wanainua nyumba. Nchi hiyo hukaa ndani ya kompyuta moja inayoitwa seva, na seva ya Teddy ilikaa kwenye kona, juu ya meza ya cherehani. Mwenye seva ndiye anayepanga sheria: watu wapigane au wasipigane, jirani aweze kuvunja nyumba ya mwenzake au asiweze. Fundi Polycarp, aliyemuuzia mashine hiyo na kuifunga, alimwonyesha pa kubadilishia mipangilio hiyo, na Teddy akawa kama mpishi anayeonja mboga: ongeza hiki, punguza kile. Alizima kupigana. Akaweka ulinzi wa viwanja. Wanyama aliwaruhusu wengi, kwa ajili ya Mashimba.

Mashimba alikuwa fundi pikipiki, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliokaa upande wa kijiji cha Mbingu mpaka walipoambiwa waondoe mifugo bondeni, na wengi wakaihamishia Lindi. Ng'ombe wa baba yake waliuzwa haraka haraka. Ndani ya gemu Mashimba alijenga zizi kubwa kuliko nyumba ya mtu yeyote, na kila ng'ombe alimpa jina. Jirani yake humo alikuwa Beatus, kijana wa Kipogoro aliyelima mpunga kwenye gemu kama alivyolima nje ya gemu. Walizozana kila siku kuhusu ng'ombe wanaokanyaga mpunga, na mara nyingi ugomvi uliishia kwenye kicheko.

Jumamosi moja mchana Mashimba aliwasha mashine, akatazama kioo, akasimama.

"Nani kaswaga ng'ombe wangu?"

Zizi lilikuwa zima, lango limefungwa, lakini ndani walibaki wachache tu. Beatus alicheka kwa sauti. "Labda wamehamia Lindi!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Teddy alikwenda kwenye kona, akafungua mipangilio. Idadi ya wanyama ilikuwa imeshushwa, na katika gemu hiyo wanaozidi idadi hufutwa. Yeye hakuigusa. Hapo ndipo alipogeuka na kumtazama Beatus, ambaye bado alikuwa na tabasamu, na ambaye siku zilizopita aliwahi kukaa karibu na meza ile ya cherehani akichaji simu.

Alirudisha idadi, akabadilisha neno la siri bila kumwambia mtu. Haikupita muda, ng'ombe wakapungua tena. Safari hii hata miti ilikuwa michache.

"Dada Teddy," Mashimba alisema polepole, "neno la siri analijua nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi."

Neno hilo moja lilimchoma. Alianza kuchunga kila mkono uliokaribia kona. Aliisogeza meza hadi nyuma ya kiti chake. Beatus alipoinuka kwenda msalani, Teddy alimfuata kwa macho. Aliporudi, alimwambia mbele ya watu wote akacheze kwingine mpaka mambo yajulikane.

"Unanifukuza kwa ng'ombe wa kwenye kioo?" Beatus aliuliza.

"Ulicheka."

"Nilicheka, ndiyo. Kucheka ndiyo kuiba?" Alichukua kofia yake akaondoka, na pazia likabaki linayumba.

Siku chache baadaye, Beatus akiwa hakanyagi tena pale, ng'ombe walipungua mara ya tatu.

Teddy alikosa usingizi kwa aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Kama si Beatus, ni nani? Alimshuku Mashimba mwenyewe, kwamba anatafuta ugomvi. Alimshuku hata mumewe, Nickolaus, ambaye hajui kuwasha kompyuta. Kisha, akiwa anaosha vyombo, alikumbuka jambo dogo. Kabla ya kila tukio, vijana walikuwa wamelalamika kwamba gemu inagandaganda. Na kila walipolalamika, alimpigia simu fundi Polycarp. Na kila mara Polycarp alijibu, "Vumilia dada, itakaa sawa," na kweli ilikaa sawa.

Kesho yake alimpigia asubuhi, chumba kikiwa kitupu. "Fundi, gemu imeganda tena, wateja wananikimbia." Alisema uongo, gemu ilikuwa nyepesi kama maji. Kisha akaketi mbele ya kioo. Ndani ya gemu vijana walikuwa wamejenga mlima mrefu, wakisema ndio Udzungwa, unaoonekana kutoka kila upande. Teddy aliutazama bila kupepesa. Kidogo kidogo ukungu ukaja, kilele kikazama, halafu mlima wote ukatoweka. Mtu alikuwa amepunguza umbali wa kuona, na hakuwemo chumbani.

Alizima seva, akachukua bisibisi na kufungua kifuniko. Alimwita Mashimba kutoka gereji aje atazame naye. RAM iliyokuwemo, kumbukumbu inayoiwezesha seva kubeba wachezaji wengi, ilikuwa nusu ya ile aliyoambiwa wakati wa kununua.

Polycarp alifika jioni ile ile, akiwa na begi lake la vifaa, akakuta kifuniko kimeegeshwa ukutani. Hakukana kwa muda mrefu.

"Nilidhani itatosha, dada. Wateja wakawa wengi. Nikaacha njia ya kuingilia kutoka kwangu bila neno la siri, ili ikielemewa nipunguze wanyama, niipunguzie mzigo."

"Ulinipunguzia mzigo," Teddy alisema, "mimi nikamfukuza mtu."

Polycarp aliweka RAM iliyostahili siku iliyofuata, na Teddy akamsimamia mpaka alipofuta ile njia yake. Hata hivyo alimtafuta fundi mwingine kutoka Mang'ula aje kuhakikisha, na hata huyo, Teddy alimkagua begi alipokuwa anatoka.

Kwa Beatus alikwenda mwenyewe, shambani, viatu mkononi. Alimkuta akipalilia na mama yake. Alimwamkia mama, "Shikamoo," kisha akamwomba kijana msamaha hapo hapo, mama akisikia. Beatus alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa, dada," alisema. "Ila niliondoka pale watu wote wakinitazama. Na wao utawaambia?"

Aliwaambia, Jumamosi, amesimama katikati ya chumba. Tangu hapo mpangilio wowote ukibadilika, hubadilishwa kioo kikiwa wazi na wachezaji wakiangalia. Beatus alirudi baada ya mavuno. Alijenga uzio kati ya mpunga wake na zizi, na Mashimba akamsaidia kubeba mbao, lakini Beatus alichagua kiti cha karibu na mlango, mbali kabisa na ile kona, na kila Teddy anapopita nyuma yake, huinua mikono yote miwili juu ya kibodi ili ionekane.